Nyumba Yenye Wageni Wengi

"Umeniibia wageni tena, Dabo!" Talaso alifoka mlangoni kwa jirani yake, pua ameiziba kwa shuka.

"Niliwafunga kamba, dada? Wamefuata chai tamu."

Huku jangwani Chalbi nyumba haisimami juu ya mchanga mtupu. Chini ya kila sakafu wahandisi wamepanda vijidudu vinavyougandisha mchanga uwe mwamba, na chakula chao ni mkojo wa waliomo ndani, unaoshuka kwa bomba kutoka chooni. Tangu wanawe wahame, Talaso huvilisha peke yake. Asubuhi hiyo mhandisi alichomeka chuma sakafuni kwake, kikazama kama kwenye uji. Akampa siku saba: msingi ukaze, la sivyo nyumba ibomolewe.

Talaso alichungulia ndani. Watu walijazana wakicheka na kumiminiwa chai, wakipishana kwenda chooni. Uvundo wa mkojo ulipenya hadi ndani ya shuka. Zamani nyumba yenye raha aliitambua kwa harufu ya pilau.

"Usininunie, shoga," Dabo alisema, akimshika mkono, macho yameshuka hadi usawa wa kibofu chake. "Leo umekunywa maji? Hebu ingia ule. Nyama nimeitia chumvi ya kutosha."