Kerneli Mpya

"Tayari, mzee," alisema fundi Lukio. "Nimekuwekea kerneli mpya, kiini cha Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yako. Sasa inawaka upesi. Hebu tazama!"

Mzee Shekue, kipofu tangu utotoni, alibonyeza herufi moja, akangoja kompyuta imtamkie, kama ilivyofanya tangu marehemu mkewe alipoiunda na kuitengenezea kerneli yake. Kimya.

"Mbona haisemi?"

"Kadi ya sauti ni ya kizamani. Kerneli mpya haiitambui."

"Basi rudisha ile ya mke wangu."

"Nimeifuta, mzee. Ilikuwa ya zamani mno."

"Hata mimi ni wa zamani."

Fundi akakusanya vifaa vyake, akaaga. Mzee alikuwa akiandika jina la mkewe, herufi moja moja, na kila akibonyeza, anatega sikio.