Bi Msimbe Mlangoni

Siku ya kufungua darasa jipya, Bi Msimbe alisimama mlangoni akakataa kupisha. Wazazi walikuwa wamemchagua yeye kukagua ujenzi wa shule yao. Sasa watoto arobaini walikuwa wamepanga mstari nyuma ya mwenyekiti wa mji, wakisubiri kuingia.

"Mama, nipishe nikate utepe," mwenyekiti alisema kwa upole. "Watu wanatutazama."

Bi Msimbe alitoa ufunguo wa nyumba yake, akauchomeka katikati ya matofali mawili, akauzungusha. Mchanga mkavu ukamiminika hadi miguuni pake. Akaendelea kukwangua mpaka tofali likacheza kama jino bovu.

"Hapa hamna saruji," alisema. "Mvua moja tu itauangusha ukuta huu juu ya watoto."

Mwenyekiti akamsogelea, akanong'ona, "Tulikuweka uwe mbwa mlinzi, uwabwekee wezi. Sasa unanibwekea mimi mwenye nyumba?"

"Hata mwenye nyumba akiingilia dirishani hubwekewa," Bi Msimbe alijibu, na wote wakamsikia. "Tena nyumba hii si yako. Ni ya hawa watoto."

Hakusogea hata hatua moja, na moyo wake ulikuwa umetulia.

Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama kando ya mstari, alimwomba njia akaingia peke yake. Alitoka amejitwika ubao wa kuandikia, akauegemeza kwenye ua wa michongoma. Mtoto wa kwanza akatoka kwenye mstari, akaketi kwenye nyasi.