Viatu Chini ya Pazia

Ijumaa moja ya mwaka 1972, wanaume wa Bagamoyo wakiwa msikitini, Sadallah alipiga hodi kwa Bi Mize akiwa na kisu kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Bi Mize alimchukia kwa moyo wote, lakini shikamoo lazima iitikiwe. Wiki haijaisha tangu amzike mwanawe, Alawi, askari wa forodha aliyeokotwa pwani ya Kaole, kafa maji. Mji mzima ulinong'ona kwamba Sadallah ndiye aliyemzamisha, ili asimkamatie pembe zake za ndovu za magendo. Lakini ushahidi nani anao?

Alikuwa nao mtu mmoja tu: mpiga sinema kutoka Dar es Salaam, aliyekuwa akipiga picha za magofu ya Kaole siku ile. Macho hayana pazia, na kamera ndiyo kabisa. Vijana wa Sadallah walimwona kwa mbali akitimua mbio, kavaa suruali na buti.

"Nasikia mpiga sinema kafikia kwako."

"Yumo humu ndani."

Sadallah akashtuka. Lakini Bi Mize hajapata kusema uongo, hata wa kumbembelezea mtoto. Hilo kila mtu alilijua. Akaangaza macho. Chini ya pazia la chumbani buti mbili zilichungulia, na juu yake pindo la suruali.

Karibu na mlango wa nje, mwanamke wa buibui alikuwa akifunika kapu la ng'onda, samaki wa kukaushwa.

"Na huyu?"

"Anawahi basi la Dar."

"Toka, dada. Haya hayakuhusu."

Mwanamke akainama, kapu likamshinda. Sadallah hakutaka shahidi mwingine. Akalinyanyua upesi, akamtwika.

"Lo, zito! Ng'onda gani hawa?"

Mwanamke akatoka pekupeku, akashika njia ya stendi.

Sadallah akangoja. Kelele za basi zingemfaa, na la kumfanya Bi Mize angelijua baadaye. Honi ikalia, muungurumo ukapita, ukapotelea njia ya Dar. Akachomoa kisu, akalivuta pazia.

Suruali ilining'inia msumarini. Ndani ya buti hamkuwa na miguu.

"Umenidanganya!"

Bi Mize alikuwa akilia, lakini alimtazama usoni.

"Sikukudanganya, mwanangu. Alikuwamo. Wewe mwenyewe ndiye uliyemtwika kapu."