Jina la Ubatizo

Mama Nuru alikuwa akigeuza vitumbua mgeni mmoja mwenye karatasi za mahakama alipoita, "Leokadia!" Mtaani hakuna aliyelijua jina hilo.

"Simjui," alijibu. Mgeni alipoondoka, alizima moto akaenda mahakamani.

"Namuulizia jirani yangu, Leokadia Mbawala," alimwambia karani wa masjala.

Karani alifungua jalada, kisha akaitazama mikono ya Mama Nuru yenye unga. "Ana hati ya kukamatwa. Ni shahidi, aliitwa mara tatu mlangoni asiitike. Akija mwenyewe kwa hakimu, inafutwa. Akikamatwa, analala ndani. Yuko wapi huyo jirani, mama?"

Askari wa mlangoni aligeuka.

"Nilikuwa kwenye benchi," Mama Nuru alisema. "Nilisikia mkiniita. Lakini mshtakiwa ni Nuru, na mimi ni Mama Nuru."