Kirudishe

Msalaba wa mke wa fundi seremala ulibanana na ukuta wa makaburi, hata ufagio haukupita nyuma yake. Katekista alipomwambia ausogeze mbele kidogo, fundi alimjibu kwamba mke ni wake na mbao ni yake. Kama kuna asiyependa aende jimboni akashitaki, si huko ndiko wanakopanga kila kitu siku hizi.

Mbele, kwenye mbao ile ndefu ya kusimama, alikuwa amechonga neno moja kwa patasi: KIRUDISHE.

Hakuna aliyeuliza maana. Kanisa zima lilijua kuwa ndilo neno la mwisho la marehemu, na kilichotakiwa kurudishwa ni kikombe cha misa.

Balaa lilianzia jimboni. Wakubwa walikaa kwenye viti vyao vya kuzunguka, wakaona mapadri hawatoshi, wakachukua parokia tano wakazifunga furushi moja, wakaliita kanda. Padri mmoja, makanisa matano. Misa ikawa ya zamu kama maji ya bomba. Halafu likaja gari likazoa vyombo vya altare kuvipeleka makao makuu ya kanda, na kikombe kikaenda nalo. Mke wa fundi alikuwa amekitunza kikombe kile miaka ishirini na sita. Siku kilipoondoka alisimama mlangoni mwa sakristia, kitambaa mkononi, hana cha kufuta.

Wiki hiyohiyo watu wa kanda walipita na makopo ya rangi ya buluu, wakafuta jina la mtakatifu wao wa miaka yote na kuandika la kanda. Waliandika getini, wakaandika ukutani, wakaandika hadi kwenye kibao cha njia panda, ambacho fundi alikichonga mwenyewe enzi hizo mgongo wake ungali unakunjika. Hawakumuuliza. Kwani yeye nani, mtu wa darasa la nne.

Hapo mkewe alikuwa ameshabanwa na kifua. Jioni moja fundi aliingia nyumbani na mbao begani, akifoka peke yake. Mgonjwa alimtazama, akageukia ukutani, akakataa uji.

Alfajiri alimshika mkono.

"Kirudishe," alisema. "Mume wangu, kirudishe."

Fundi akamwapia kwamba kikombe kitarudi, hata ikibidi amkabe mtu koo. Mgonjwa akatikisa kichwa. Alitaka kuongeza neno, pumzi ikakataa.

Saa mbili asubuhi fundi alipanda kilimani kutafuta mtandao. Dada wa ofisi ya kanda akamwambia asihofu, padri anawasha pikipiki sasa hivi. Ni mgeni, hana hata wiki, lakini amemwelekeza vizuri, atafika.

Walingoja. Majirani walisali rozari mbili. Kila pikipiki iliponguruma kwa mbali, fundi alitoka nje, akarudi. Saa kumi mkewe akakata roho bila mpako wa wagonjwa, bila sala ya padri, kama mtu asiyebatizwa. Katekista ndiye aliyemzika.

Tangu siku ile fundi hakufunga mdomo. Kwenye kikao cha kanda alisimama akawauliza wale wakubwa kama na wao siku yao ikifika watangoja zamu. Wakamwambia apunguze jazba. Akawaambia mkewe ndiye aliyepunguzwa. Kinamama wa kwaya wakalichukua lile neno la msalabani, wakaliandika kwenye makaratasi magumu, wakalipeleka hadi uani kwa askofu, wakakaa chini juani siku mbili.

Mwezi wa tatu tangu mazishi neno likashinda. Padri yule mgeni akaja makaburini mchana, peke yake, na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Fundi alikuwa anapalilia. Hakuinuka.

"Mzee, kimerudi," padri alisema. "Nimeona nianzie hapa kwa mama, ndipo nikipeleke kanisani."

"Kimerudi. Na yeye?"

Padri akatoa mshumaa mfukoni. Fundi akamwaga yote aliyokuwa ameyameza. Akamuuliza siku ile alilala wapi, chai aliinywa kwa nani wakati mtu anahangaika na roho yake. Akamwambia kwamba yeye na waliomtuma ndio waliomuua, maana mwili huuawa na ugonjwa, lakini wao walimwacha aende na njaa ya roho. Padri alisikiliza amepiga magoti, kichwa chini, akihangaika kuwasha mshumaa. Upepo ukauzima.

"Sikulala, mzee," alisema mwishowe. "Nilizunguka na pikipiki mpaka mafuta yakaisha. Niliambiwa nikifika njia panda nitaona kibao cha buluu, nifuate mshale. Hakikuwepo. Palikuwa na shimo tu, udongo wake bado mbichi."

Jembe la fundi lilisimama.

Upepo ukauzima mshumaa mara ya pili. Padri akanyoosha mkono wake mwembamba, akaupenyeza nyuma ya msalaba, kusikofika upepo.

"Hapana, Baba, huko usi..." Fundi akaachia jembe.

Njiti ikawaka. Padri akainamisha kichwa kati ya mbao na ukuta aone kama utambi umeshika. Mgongoni mwa lile neno rangi ya buluu iling'aa kana kwamba imepakwa jana, na mshale mweupe ulielekea chini, kaburini.