Kisima cha Muhanga

Wewe unayeambiwa kila siku ujitolee kwa nchi, umewahi kunyimwa hata kazi ya bure? Muhanga alihitimu kuchimba visima. Tangu utotoni aliota akimfuata Tembo, kiongozi mstaafu aliyewachimbia wanyama maji kwa pembe zake wakati wa ukame.

"Uzoefu unao, dada?" aliuliza Kima wa ofisi ya maji, Muhanga alipokwenda kuomba kazi.

"Sina. Nitachimba bure."

"Bure nayo ina fomu. Sori."

Muhanga akaenda kwenye mto uliokauka, akachimba kama yumo ndotoni, mpaka maji yakamlamba kucha. Kesho yake Kima akaleta utepe wa uzinduzi, akamwalika Tembo aukate.

"Aliyechimba yuko wapi?" Tembo akauliza.

"Nyuma ya kamba, mzee. Hana ajira."

Tembo akaweka mkasi chini. "Mimi nami sikuwa na uzoefu."

Haya, mabosi: mwajirini Muhanga leo, kwa mshahara, siyo kwa makofi.