Cheti Chenye Harufu ya Moshi

"Babu, wewe wa ngumbaro utanifundisha kanuni za chuo?" Priska alicheka, macho bado mekundu. Wastani wake ulifika daraja la kwanza, lakini chuo kilimshusha hadi la pili kwa sababu alirudia mtihani mmoja.

"Soma hapa kwenye kitabu chao cha kanuni, mjukuu wangu. Aliyerudia kwa ugonjwa hashushwi, akionyesha cheti cha daktari."

"Nilikitupa siku niliyotoka hospitali. Na rufaa mwisho kesho."

"Ulikitupa. Mimi nikakiokota."

Nilipanda darini, juu ya jiko, nikashusha mfuko wangu wa karatasi. Mwalimu wetu wa ngumbaro, darasa la jioni, Mungu amlaze pema, alituambia sisi watu wazima tuliokuwa tukijifunza kuandika majina yetu: karatasi yenye mhuri usiitupe kamwe. Sijatupa hata moja.

Cheti kilikuwa kimekunjwa mara nne, kinanuka moshi. Mhuri ulikuwa bado wa bluu.

Priska alikipokea kwa mikono miwili. "Asante, Babu."

"Mshukuru mwalimu wangu."

Priska alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu. "Basi la mchana linapita Makambako saa ngapi?"